Pua ya haidrojeni: mwongozo kamili wa kutengeneza utando wa chembe nano za oksaidi ya stani

Kuna kibanda cha kuchaji betri kule Katwe, Kampala, ambacho bati lake la juu limebonyea kwenda nje. Nilikuwapo siku lilipobonyea. Kijana wa kazi aling'oa kibanio cha chaja kabla hajazima umeme, cheche ikaruka, na kifuniko cha betri kikapaa kama risasi. Aliyeumia ni shati tu, lilitobolewa na asidi. Mwenye kibanda akasema, "Ni gesi hiyo," akaendelea na kazi yake.

Gesi hiyo ni haidrojeni. Betri ya maji ikishajaa na chaja ikaendelea kusukuma, umeme huanza kuyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kila ampea-saa moja ya ziada kwenye betri ya volti 12, yenye vyumba sita, hutoa karibu lita 3 za haidrojeni katika hewa ya Kampala. Haina rangi wala harufu. Ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka, na huendelea kuwa hatari mpaka asilimia 75. Cheche ya milijuli 0.02 inatosha kuiwasha, na cheche hiyo hata jicho halitaiona. Sasa hesabu ni nyumba ngapi unazozijua zenye betri za sola chini ya kitanda.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu wa maabara, au fundi mwenye subira anayetaka kutengeneza kihisi cha gesi hiyo kwa mikono yake. Niseme mapema: kutengeneza utando, yaani tabaka jembamba la unga wa oksaidi ya stani linalonusa gesi, ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa ni kuijua hewa tupu ya mahali pako, ile isiyo na haidrojeni hata kidogo, kabla hujaamini namba yoyote. Wengi niliowafundisha waliharakisha hapo, na wote walirudi.

Inavyofanya kazi

Stani ni ile metali laini iliyomo kwenye waya wa lehemu. Ikiungana na oksijeni inakuwa unga mweupe usioyeyuka majini, na unga huo ni nusukipitishi, yaani hupitisha umeme kiasi tu. Ukiupasha joto la nyuzi 200 hadi 400 za Selsiasi, oksijeni ya hewa hunata juu ya chembe zake na kuzinyang'anya elektroni, hivyo ukinzani wa umeme hupanda. Haidrojeni ikipita, huichukua oksijeni iliyonata, mvuke wa maji hutoka, elektroni hurudi kwa mwenyewe, na ukinzani hushuka. Wewe kazi yako ni kupima kushuka huko.

Kwa nini chembe ziwe nano? Ile ngozi iliyonyang'anywa elektroni ina unene wa takriban nanomita 3, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Kwenye chembe kubwa ngozi hiyo ni kama ganda la chungwa: nyama ya ndani haina habari ya kilichotokea nje. Kwenye chembe ya nanomita 6 ganda la huku na ganda la kule hukutana katikati, na chembe nzima huwa ganda. Noboru Yamazoe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha mwaka 1991 kwamba hapo ndipo usikivu unaporuka. Katika chuo hichohicho Tetsuro Seiyama alikuwa ameshatambua gesi kwa utando wa oksaidi ya zinki mwaka 1962, na wakati uleule Naoyoshi Taguchi akaishika oksaidi ya stani. Vihisi vingi vya bei nafuu vinavyouzwa madukani leo ni wajukuu wa kazi hiyo, kihisi cha haidrojeni kiitwacho MQ-8 kikiwa kimojawapo. Nunua kimoja ukiweza, uwe nacho pembeni kama shahidi.

Hatua ya kwanza: unga

Kabla ya yote vaa glavu, miwani ya kinga na barakoa nzuri, ufanye kazi penye kabati la kuvuta hewa. Kloraidi ya stani hutoa moshi unaowasha, na unga mkavu wa chembe nano haufai kuingia mapafuni.

Pima gramu 3.5 za kloraidi ya stani ya daraja la nne yenye maji matano ya fuwele, uyeyushe katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Maji ya betri ya dukani hufaa, lakini yapime kwanza kwa karatasi ya pH. Yapo yanayouzwa kwa jina hilo huku yakiwa na asidi tayari. Endelea kukoroga huku ukidondosha myeyusho wa amonia wa moli 1 kwa lita, tone kwa tone, mpaka pH ifike 8 au 9. Utahitaji zaidi ya mililita 40. Mashapo meupe ya rojorojo yatatokea. Ukimwaga amonia kwa pupa utapata mabonge, na mabonge hayo hutayavunja tena. Acha yatulie usiku mmoja.

Kinachofuata ni kuosha, na hapa ndipo nilipopoteza wiki yangu ya kwanza. Kloraidi iliyobaki huharibu utando, kwa hiyo unazungusha mashapo kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji ili yashuke chini, unamwaga maji ya juu, unaongeza maji mapya, unarudia. Chukua matone ya maji uliyomwaga uyatilie nitrati ya fedha: wingu jeupe likitokea, kloraidi bado ipo. Tatizo ni kwamba kadiri chumvi inavyopungua, mashapo ya stani huanza kukataa kushuka. Maji yanakuwa kama maziwa yaliyotiwa maji, sentrifuji inazunguka bure, na kila ukimwaga unamwaga mali yako. Mimi nilimwaga zaidi ya nusu nikidhani ni uchafu. Dawa yake ni kuosha kwa maji yenye asetati ya amonia kidogo badala ya maji matupu; chumvi hiyo huyashika mashapo pamoja, na baadaye huungua yote tanurini bila kuacha kitu.

Kausha kwa nyuzi 80 hadi 100 usiku kucha. Utapata vipande vigumu vyenye rangi ya njano hafifu, kama sandarusi. Visage kwenye kinu kidogo cha kaure, kisha uvichome tanurini kwa nyuzi 450 kwa saa 2, ukipandisha nyuzi 5 kila dakika. Usipopoteza kitu, mahesabu yanatoa gramu 1.5 za unga. Ukipata 1.2 jipongeze. Unga ukiwa wa kijivu, kaboni haijaisha kuungua, basi rudisha tanurini.

Usishawishike kuchoma kwa joto kubwa zaidi ili unga "uive". Kila ukiongeza nyuzi, chembe hukua na usikivu hupungua. Ukipata nafasi ya kupimisha kwa mionzi ya eksirei kwenye maabara ya chuo kikuu, tazama vilele vya nyuzi 26.6, 33.9 na 51.8 (nyuzi za pembe, si za joto). Kilele cha kwanza kikiwa na upana wa kama nyuzi 1 katika nusu ya kimo chake, fuwele zako zina takriban nanomita 8. Kikiwa chembamba kama sindano, umepika kupita kiasi.

Umeme ukikatika tanuri likiwa njiani, liache lipoe lenyewe na uanze upya kutoka chini. Usiruke kutoka nyuzi 200 hadi 450 kwa haraka ya kufidia muda.

Hatua ya pili: paladiamu

Oksaidi ya stani peke yake ni pua isiyochagua, hunusa kila kinachoungua. Paladiamu kidogo huifanya iipende haidrojeni, kwa sababu metali hiyo huipasua molekuli ya haidrojeni kuwa atomi mbili na kuzisambaza juu ya unga. Inatosha nusu asilimia ya uzito. Kwa gramu 1 ya unga unahitaji miligramu 5 za paladiamu, yaani miligramu 8.3 za kloraidi yake. Ni ghali, lakini kiasi hicho hakionekani hata kwenye ncha ya kijiko. Kloraidi hiyo haiyeyuki vizuri katika maji; itie kwenye mililita chache za asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, changanya na unga, kausha ukikoroga, kisha choma tena kwa nyuzi 450 saa 1. Unga utageuka kahawia hafifu. Kama mfuko hauruhusu, ruka hatua hii. Kihisi kitafanya kazi, ila kitadai joto zaidi na kitadanganywa kirahisi zaidi.

Hatua ya tatu: wino na utando

Yeyusha sehemu 1 ya selulosi ya ethili katika sehemu 9 za terpineoli, kimiminika kizito cha kuyeyushia, kwa moto mdogo. Chukua nusu gramu ya unga na kiasi kinacholingana cha mchanganyiko huo, saga kwenye kinu kwa nusu saa nzima. Nasema nusu saa nikimaanisha dakika thelathini za mkono kuuma. Wino mzuri huteleza kama siagi ya karanga iliyosagwa vizuri. Ukisikia mchanga kwenye mchi, endelea.

Una njia mbili za kuupaka. Ya kwanza ni mrija mdogo wa seramiki wenye urefu wa kama milimita 4, uliokwisha kuwekewa pete mbili za dhahabu na nyaya za platinamu, ambao huagizwa mtandaoni. Unaupaka wino kwa brashi nyembamba mpaka ufunike pete zote mbili, na ndani unapitisha koili ya hita. Ya pili ni kigae bapa cha alumina, seramiki ya oksaidi ya alumini, chenye mistari miwili ya dhahabu au fedha. Kwa kigae, nenda kwa wachapaji wa Nasser Road, mtaa wa Kampala. Watu wanaochapa kadi za harusi na fulana za kampeni wanajua kubana kitambaa cha skrini na kusukuma wino kwa mpira kuliko mhandisi yeyote niliyemwona. Mmoja wao alinifundisha kwa dakika kumi kosa lililonisumbua mwezi mzima: nilikuwa nasukuma wino mara mbili. Sukuma mara moja, mkono usitetemeke, inua.

Acha utando utulie dakika 10 ili alama za kitambaa zizame, kausha kwa nyuzi 120, kisha ingiza tanurini. Panda polepole hadi nyuzi 380, simama hapo nusu saa selulosi iungue, ndipo upande hadi 500 kwa saa 1. Ukipuuza kituo cha katikati, gesi ya selulosi itatoka kwa nguvu na kupasua utando kama tope la bwawa lililokauka. Utando uliopasuka hutoa namba, na namba hizo hubadilika kila siku.

Usilehemu nyaya za utando kwa lehemu ya kawaida. Lehemu ya stani na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 183, na kihisi chako kitaishi kwenye 300. Tumia gundi ya fedha ya kuchomwa, au nyaya za platinamu zilizokuja na mrija.

Hatua ya nne: hita na sakiti

Koili ya mrija huwa na ukinzani wa omu 30 hivi. Ukiipa volti 5 inakula wati 0.8 na kuufikisha utando karibu na nyuzi 300. Kupima joto halisi gusisha thamokapo nyembamba (kipimajoto cha nyaya mbili) juu ya utando kabla hujaufunga. Wenye paladiamu waanze na nyuzi 250, wengine 350, kisha wapande na kushuka wakitafuta mahali jibu linapokuwa kubwa.

Sakiti ni ya mtoto wa sekondari. Unganisha kihisi na rezista ya kilo-omu 100 kwa mfuatano kwenye volti 5, upime volti juu ya rezista. Ukinzani wa kihisi ni rezista mara (5 kutoa volti uliyosoma), gawanya kwa volti uliyosoma. Tuseme kwenye hewa unasoma 0.5: kihisi kina kilo-omu 900. Kwenye gesi unasoma 4: kimeshuka hadi kilo-omu 25. Gawanya 900 kwa 25, jibu ni 36, na hilo ndilo tunaloliita mwitikio. Kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho Arduino kitakuandikia namba hizo kila sekunde huku ukinywa chai.

Hatua ya tano: hewa tupu

Washa hita uiache siku tatu, ikiwezekana wiki, bila gesi yoyote. Ukinzani utatangatanga mwanzoni, kisha utulie. Andika namba asubuhi, mchana na jioni, pamoja na joto la chumba na unyevu wa hewa. Mvuke wa maji nao hunata kwenye utando na kushusha ukinzani, kwa hiyo namba ya asubuhi ya mvua mwezi Aprili si namba ya mchana wa Januari. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, oksijeni yake ni hafifu kidogo kuliko ya pwani. Usishangae namba zako zikitofautiana na za karatasi iliyokuja na kihisi cha dukani.

Andika pia majirani. Sigiri ya makaa ikiwashwa mlangoni, utando huona monoksaidi ya kaboni. Mzee mmoja aliyekuwa akinitazama nikipima aliinama kuuliza swali, na namba ikaruka kabla hajafungua mdomo vizuri. Alicheka: "Mwalimu, hii mashine yako inapenda waragi." Kweli, waragi ni pombe kali, na ethanoli yake huiamsha oksaidi ya stani karibu kama haidrojeni. Tangu siku hiyo nina pamba yenye matone ya waragi kama kipimo rasmi cha udanganyifu, na kila utando mpya lazima upite mbele yake.

Ili hita isizimike umeme ukikatika, wengi huweka betri ya akiba. Sawa, lakini isiwe betri ya maji inayochajiwa chumba hichohicho. Nimeona mtu akihangaika siku mbili na hewa tupu isiyotulia, kumbe akiba yake ndiyo iliyokuwa ikimtolea haidrojeni chini ya meza.

Hatua ya sita: gesi

Tafuta mtungi wa kioo wa lita 5 wenye kifuniko cha mpira, pamoja na feni ndogo ya kompyuta ya kuchanganya hewa. Usitumie mota ya brashi, ina cheche. Na usizibe matundu kwa silikoni ya dukani. Mimi niliziba kwa silikoni, nikajivunia mtungi usiovuja, na ndani ya wiki mbili vihisi vyote vitatu vikawa viziwi. Mvuke wa silikoni hugeuka kuwa ngozi ya kioo juu ya chembe, na hakuna joto litakaloiondoa. Tumia pete za mpira wa kawaida.

Haidrojeni utaipata kwa kutia vipande vya zinki katika asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, ukipitisha gesi kwenye maji ili kuondoa mvuke wa asidi. Fanya dirishani, mbali na moto, kwa kiasi kidogo. Acha mapovu ya dakika ya kwanza yaende zake, maana yana hewa ya chupa, kisha kusanya kwa sirinji. Katika mtungi wa lita 5, mililita 0.5 ni sehemu 100 kwa milioni, 1.5 ni 300, 5 ni 1,000, na 15 ni 3,000. Usivuke mililita 50 kamwe. Hiyo ni asilimia 1, robo ya kiwango cha kuwaka, na ndani ya mtungi kuna kitu chenye nyuzi 300.

Kabla ya kila sirinji ya gesi, ingiza sirinji ya hewa ya kawaida iliyopita kwenye maji yaleyale. Ikiwa namba inaruka, unapima unyevu. Toa jibu hilo kwenye hesabu, au kausha gesi kwa kuipitisha kwenye kloraidi ya kalsiamu.

Ingiza gesi, ngoja namba itulie, fungua kifuniko, ngoja irudi. Andika muda wa kufika asilimia 90 ya badiliko, na muda wa kurudi. Rudia kila kiwango mara tatu, siku tofauti. Ukichora mwitikio dhidi ya kiwango cha gesi kwenye karatasi yenye mizani ya logi (logarithimu) pande zote mbili, nukta zinapaswa kukaribia mstari ulionyooka. Nukta ya juu ikilegea, mtungi unavuja au gesi yako ina hewa.

Kuifunga chumbani

Haidrojeni hupanda. Kihisi kikae juu kabisa, chini ya kilele cha paa la mabati, mahali ambapo popo angelala. King'ora kilie kwenye sehemu 4,000 kwa milioni, moja ya kumi ya kiwango cha kuwaka. Kifunike kwa wavu mnene wa chuma cha pua ili hita isiwe ndiyo inayowasha moto. Toboa matundu ya hewa chini ya ukuta na juu yake kabla hujafunga kihisi chochote, kwa kuwa kihisi hakitoi gesi nje. Penye watu wengi, hospitali au bweni, nunua kihisi chenye cheti na cha kwako kiwe cha pili.

Kila mwezi kipe kihisi mililita 5 za haidrojeni mtungini, ulinganishe na daftari. Namba ya hewa tupu ikiwa imehama zaidi ya robo, kipashe joto siku nzima kwenye hewa safi upime tena. Isiporudi, saga wino mwingine. Kihisi cha kile kibanda cha Katwe kimefungwa kwenye boriti, hatua mbili kutoka kwenye bati lililobonyea, na yule kijana ndiye anayeandika daftari.